Hii Mtoto Iko Ndani ya Leseni

Alipokuwa na mimba, Mariat wa Namatala, mjini Mbale, alikula udongo kama wajawazito wote wa mtaa ule. Kila Jumanne alinunua sokoni vipande vitano vilivyotoka upande wa Busoga, akavimumunya huku akichambua maharagwe. Udongo ule ulikuwa na skandiamu, aina ya metali. Hakuna aliyejua, na hata angejua, mjamzito akitamani kitu utamwambia nini?

Mtoto alizaliwa mweupe wa fedha, baridi kidogo, akalia vizuri. Mkunga alimpima akapata kilo tisa, akaandika tisa. Baada ya siku mbili hewani akawa na umanjano, na majirani wakasema aanikwe jua la asubuhi. Alinyonya sawasawa. Wakamwita Hadija.

Siku ya saba alinyolewa. Shehe akasema nywele zipimwe, itolewe sadaka ya fedha ya uzito huohuo. Shafik, baba mtoto, akaona ya nini kuzunguka, wakati nywele zenyewe ni metali nyeupe. Akazitia zilezile katika sanduku la msikiti. Hapo ndipo alipoharibu. Msikiti uliziuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kule viwandani, naye akazipeleka Jinja zikachunguzwe.

Wiki iliyofuata akaja Arnold, ofisa wa kampuni yenye leseni ya kuchimba udongo ule. Alikuwa mpole, akavua viatu mlangoni. Alieleza kwamba metali hii ni adimu, tani nzima ya udongo hutoa gramu chache tu. Ukiichanganya kidogo na alumini, ndege huwa nyepesi na imara. Hutiwa hata katika taa za viwanja vya mpira.

"Kwa metali, hii ni nyepesi sana," alisema, akimpakata mtoto.

"Kwa mtoto ni nzito," Mariat akajibu. "Mgongo inaniuma."

"Mama, sheria inasema kitu ya chini ya udongo ni ya serikali, na serikali ilitupatia sisi leseni. Hii mtoto iko ndani ya leseni."

"Bwana, ni mimi nilimzaa."

"Hakuna mtu anakataa."

Fomu aliyokuja nayo ilikuwa na nafasi ya jina la mgunduzi. Arnold akajaza lake. Shafik aliipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye aliisoma mara mbili na kusema mhuri ni wa kweli.

Siku hizi Hadija anakaa Jinja, katika ghala la kampuni, rafu ya chini kabisa ili asianguke. Mariat amepanga chumba Mafubira na anaruhusiwa kunyonyesha mara tatu kwa siku. Katika kitabu cha wageni, kwenye sababu ya kuja, huandika "maziwa". Arnold amemweleza, bila kumficha, kwamba mtoto akifika kilo ishirini ataingizwa tanuruni. Jana alikuwa na kumi na sita na nusu. Mariat anaogopa kila anapomweka titini. Asipomnyonyesha, mtoto analia kwa njaa, na kilio hicho hawezi kukivumilia.

Akitoka, mlinzi Kirunda humkagua begani, pale mtoto aliposinzia, akafagia vumbi jeupe kwa brashi laini na kulitia katika bahasha.

"Pole, mama Hadija," husema.

Mariat husimama wima mpaka amalize. Kisha huharakisha kwenda kunywa uji, maziwa yasije yakakauka.