Landrova la Zahanati

Octavian hajui Kigogo, ila akiwa na shida huja na salamu yetu, "Mbukwa." Asubuhi ile aliitamka mara mbili uani kwangu, maana fundi wa magari hapa ni mimi. Landrova lake, limejaa magunia, lilikuwa limelala karibu na zizi langu, sasa limegoma kuwaka.

"Mzee Matonya, betri mpya kabisa. Nikizungusha ufunguo, kimya."

Lilikuwa gari la zahanati. Yeye ndiye aliyelisimamia. Walipoanza kuuza mali za umma, akajiuzia. Wakubwa wetu hilo ndilo wanaloliita soko huria.

Likiwa bado la zahanati, mke wangu Loisi alishikwa uchungu, nikamkimbilia huyu huyu. Akasema gari bovu. Nikampakia Loisi kwenye baiskeli kwenda hospitali ya Mvumi, nikisukuma. Alinifia njiani, mtoto tumboni. Siku hiyohiyo watu walimwona Octavian huko sokoni Majengo, anashusha mahindi kutoka gari hilohilo.

Nikachukua balbu yangu ya kupimia. Waya wake mmoja nikaubana kwenye chuma cha gari, mwingine nikaugusisha pale stata inapopokea amri ya ufunguo.

"Zungusha."

Balbu haikuwaka. Nikahamia kwenye swichi ya ufunguo, ikawaka. Basi amri inatoka, ila inapotelea njiani.

"Kama amri za serikali," akacheka.

Sikucheka. Nikaufuata ule waya mwembamba mpaka chini ya kiti cha dereva. Panya walikuwa wameukata. Walijenga kiota humo, juu ya mahindi makuukuu yaliyotobolewa na dumuzi. Mahindi, kwenye gari la wagonjwa!

Nikachota punje chache kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikazishika zile ncha mbili za waya. Kuziunganisha ni kufumba na kufumbua.

"Bosi, siku ile ya Loisi, gari lilikuwa bovu kweli?"

Akatazama punje kiganjani mwangu. Jirani yangu Ruthu na wenzake wa kisimani walikuwa wamesimama na ndoo zao, wanasikiliza.

"Mzee, ya zamani hayo..."

"Lilikuwa bovu?"

"Bovu. Haki ya Mungu."

Nikaziachia ncha. Nikakunja nyaya za balbu yangu.

"Basi hata leo ni bovu."

"Matonya! Mnunuzi ananingoja Majengo!"

"Sukuma. Mimi nilisukuma."

Akawageukia wanawake. "Mama zangu, nisaidieni."

Ruthu akajishika tumbo. "Mie mjamzito, bosi. Nikishikwa hapa, gari la kunipeleka liko wapi?"

Wakaangua kicheko. Octavian akainama nyuma ya Landrova, viatu vyake vya ngozi vikizama mchangani. Halikusogea.

Nikavuta kigoda changu, nikakaa nimtazame vizuri.