Usingizi wa Daraja la Kwanza

"Usingizi," alisema Bernadine. "La pili Usingizi. Na la tatu niandikie Usingizi pia."

Delmar Wojta aliinua macho kutoka nyuma ya makadi aliyoyasimamisha mezani kuficha ramani zake na dadu zake. Alikuwa amechoka tangu Jumatatu. Kazi yake kiwandani ni kupima jibini: anatoboa bonge, anatoa kipande chembamba, ananusa, anatafuna, anatema, anatoa daraja. Wiki nzima ni kuhukumu, halafu Jumapili, badala ya kujilaza kama binadamu wengine, anashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yake kuwahukumu na rafiki zake. Ila hakuna aliyemfunga kamba, alijitakia mwenyewe.

Mchezo wao hauna mshindi. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, wanasimulia safari kwa pamoja, na penye shaka dadu ndizo zinazoamua. Mwamuzi, yaani Delmar, ndiye dunia nzima: yeye ndiye mvua, ndiye mwenye nyumba ya wageni, ndiye jitu la mlimani. Orville Zastrow, aliyestaafu udereva wa gari la kuzoa theluji, alikuwa shujaa wa upanga. Lorna Haupt, mpishi wa shule, alikuwa mwizi, na alikuwa mwizi hodari. Bernadine, mke wa Orville, alikuwa Hessel, mchawi kizee anayerudi kwao baada ya kumaliza umri wake ugenini. Kabla ya kuanza, mchawi huchagua matabano, yaani maneno ya uchawi atakayobeba siku hiyo. Akishachagua, amechagua.

Lorna aliinamia sahani yake ya soseji. Wote walijua kwamba Usingizi lilikuwa tabano lililokwisha kazi, na walijua aliyelimaliza.

Ilikuwa majira ya baridi yaliyopita. Delmar alikuwa ametayarisha vita vya darajani, akachonga hata daraja lenyewe kwa mbao. Bernadine akatamka Usingizi, tabano la daraja la kwanza ambalo hata mwanagenzi analijua, na majambazi wote wakajilaza chini kabla kahawa haijapoa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Delmar naye alicheka, lakini moyoni kulikuwa kunaungua. Jumapili iliyofuata alikuja na hukumu. Alisema amelilinganisha tabano hilo na mengine ya daraja lake: Mshale humpata mtu mmoja, Ngao humkinga mtu mmoja, iweje hili lilaze kundi zima? Tangu siku hiyo Usingizi ungemlaza kiumbe mmoja tu, tena dhaifu, na dadu ishinde nguvu zake. Kwa hesabu alikuwa sahihi, na mpaka leo anaamini hivyo. Bernadine alichukua kifutio, akafuta maneno ya zamani. Kisha maradhi yakamwangusha, na kiti chake kikabaki kitupu muda mrefu.

Sasa amerudi, amebaki mifupa na sweta. Madaktari wamesema dawa hazina tena la kufanya. Na safari ya Hessel imebakiza lango moja tu la mlimani. Ng'ambo yake ndiko kwao. Kama Hessel hafiki leo, basi hafiki tena. Hilo halikuhitaji kusemwa.

Lakini Orville alikuwa amelisema. Mapema, wakichukua soseji jikoni kabla ya kushuka, alimshika Delmar kiwiko.

"Mfikishe kwao, bwana. Dadu zako ziko nyuma ya makadi, nani ataziona?" Akaongeza kwamba mkewe halali siku hizi, anakaa kitini kunakucha anaona.

Delmar alitikisa kichwa kukubali. Angefanya nini? Ila muda mfupi baadaye alikuwa akimshusha Bernadine ngazini, mkono wake mwepesi umemshika begani, naye akasimama katikati kuvuta pumzi.

"Orville kashakuomba, eh? Namjua huyo. Sikiliza, Delmar. Siku hizi kila mtu ananipa kila kitu. Hata mbwa ananipisha kwenye kochi. Wewe usinipe kitu."

Basi akabaki hapo, kabanwa huku na huku, na mchezo ukaanza.

Jitu lilikuwa limeketi mbele ya lango. Orville alilivamia, upanga ukavunjika. Mwizi wa Lorna alijaribu kupenya pembeni, akatupwa mtaroni. Delmar alirusha dadu zake nyuma ya makadi na kusoma kila moja kama ilivyoanguka, akiichukia. Mara mbili alitaka kudanganya, mara mbili akaona sweta lile mbele yake, akasema kweli. Mashujaa wakarudi nyuma ya mwamba wakichechemea.

Zamu ya Bernadine ikafika. Akauliza, taratibu, jitu liliwaonaje. Si Delmar mwenyewe alisema mwanzoni kwamba macho yake yamefanya ukungu kwa uzee?

Ilibidi Delmar ajibu. Kuna bata bukini, alisema, kafungwa uzi kwenye kifundo cha mkono wa jitu. Akiona mtu hupiga kelele, na jitu hupiga palipo na kelele. Alikuwa amemtia kwa mzaha tu, kwa kuwa bibi yake alifuga bata wa namna hiyo, na utoto wake wote walimkimbiza uani.

"Huyo bata ana nguvu kiasi gani?"

Delmar alitazama karatasi yake, ingawa hakuhitaji kutazama. "Tatu."

"Dhaifu, basi."

"Dhaifu," alikubali.

Wachezaji hurusha dadu zao mezani, mbele ya kila mtu. Hapo mwamuzi hana ujanja. Bernadine akamtamkia bata Usingizi wake wa kwanza: dadu ikaanguka moja. Bata akageuza shingo. Ya pili ikaanguka mbili. Orville alifumba macho. Delmar, ambaye hajakanyaga kanisani tangu azike mama yake, alijikuta anaomba.

Ya tatu ilikuwa tano.

Bata akaingiza kichwa chini ya bawa, na wasafiri watatu wakapita wakinyata. Kazi ya wiki mbili kwisha tena, alinung'unika Delmar, na safari hii kwa ajili ya bata. Lorna alicheka huku akijifuta macho kwa leso ya karatasi. Safari hii moyo wa Delmar haukuungua.

"Haya, niambie," alisema Bernadine, akijiegemeza. "Kwetu kukoje?"

Delmar hakuwa ametayarisha kitu. Alidhani vita vingekula mchana kutwa. Akaanza kubahatisha: nyumba ya mawe, mlango wa bluu. Kijani, alimsahihisha Bernadine, na rangi imebambuka. Kijani basi. Ndani kuna birika, kuna kiti karibu na moto. Kiti kina mto? Kina mto. Maswali yakapungua, yakawa mguno tu, kisha hata mguno ukakatika. Delmar akainua macho. Bernadine alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, dadu bado kiganjani.

Akanyamaza. Kope za Bernadine zikatikisika, shingo ikataka kunyanyuka. Orville alimgeukia Delmar, uso wake wote ukimsihi, na Delmar akadaka maneno yake palepale alipoyaachia. Akaeleza jiko, rafu na vilivyokuwa juu yake, chumba cha kulala, blanketi na aliyelifuma. Dirisha dogo la juu lilikuwa limeanza kuzibwa na theluji na chumba kimeingia kiza, lakini hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Nyumba ikamwishia. Basi akatoka kwa mlango wa nyuma, akakuta miti ya matunda, akaanza kuisimulia mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, bila haraka.