Ndiyo Iliyoletwa kwa Machela

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa mjumbe wa kamati ya nidhamu ya chuo kikuu, mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na sita. Nilivaa tai.

Mwenyekiti alikuwa jagi la maji. Lilichaguliwa kwa kuwa ndilo pekee chuoni ambalo halijawahi kulewa.

"Mwanafunzi anadaiwa kumwingilia mwenzake bila ridhaa," lilisema. "Mzee Kimario, kanuni inataka pande zote mbili zisikilizwe. Tafadhali."

Kabati la mafaili likanichomoa masikio, bila maumivu, likayapiga mihuri ya zambarau na kunikabidhi. La kushoto la kumsikiliza mlalamikiwa, la kulia mlalamikaji.

Mlalamikiwa anaingia. Ni mjukuu wangu Elifuraha, mwaka wa tatu, uhandisi.

"Babu, wewe unanijua. Alisema ndiyo. Wakinifukuza nimekwisha."

Namsikia vizuri mno.

Binti anaitwa Leokadia. Midomo yake inasogea, lakini sisikii kitu.

"Sikio la kulia limegoma," nasema.

"Halijagoma," Jagi linajibu. "Umelikalia."

Nainuka. Kweli nimelikalia.

"…nakumbuka glasi ya tatu," binti anasema. "Baada ya hapo nakumbuka dari."

"Iletwe hiyo ndiyo," Jagi linaagiza.

Inaletwa kwa machela. Ni ndogo, imelowa pombe, macho hayafunguki.

"Ulitoka kinywani mwa nani?" nauliza.

"Sijui, mzee. Nilikuwa nimelala."

"Na mimi nilikuwa nimelewa," Elifuraha anasema. "Hilo halihesabiwi?"

"Tumeliandika," Jagi linasema. "Tumeandika pia kwamba ulikumbuka kufunga mlango kwa ufunguo."

Kwetu mtu akikuahidi shamba kwenye pombe ya mbege, humwendei na jembe. Unarudi asubuhi, wote hamjanywa, unamwuliza tena. Mimi ndiye niliyemfundisha Elifuraha hilo.

"Ulirudi kumwuliza asubuhi?"

"Babu, ile ilikuwa habari ya mashamba."

Ukuta ukaondoka. Tuko kwenye migomba yangu, na asubuhi yenyewe inakuja kwa miguu, ndefu kuliko mlima, umande ukimdondokea kila anayeitazama. Inapiga magoti mbele ya Leokadia na kumwuliza, kwa sauti ya chini, swali ambalo mjukuu wangu hakumwuliza. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikiuliza kwa upole namna ile. Nilivua kofia.

"Hapana," alisema Leokadia.

Machela ikabaki tupu.

"Kura yako, Mzee Kimario," Jagi likasema.

Mkono ulikuwa mzito kama gunia la kahawa mbichi. Niliunyanyua.

Nikaamka. Mke wangu alikuwa ananikodolea macho.

"Baba Ndeskoi, sikio lako limeingia wino."

Nilipapasa la kulia. Kidole kikatoka na zambarau.

Simu ikaanza kuita. Alikuwa Elifuraha, ambaye hupiga Jumapili tu, na leo ni Jumatano. Nikaiweka kwenye sikio la kulia.