Sauti ya Speciose Kwenye Kaseti

Wiki moja kabla ya Speciose kupelekwa hospitali kukatwa rovu la shingoni, mumewe Theoneste alimketisha sebuleni, pale kwao Nyakakika, akamwekea redio kaseti mbele yake. Speciose ndiye aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza kanisani. Aliimba wimbo mmoja, beti tatu, kisha akacheka na kusema koo limechoka.

Speciose alipoondoka, Theoneste akapata wazo. Angeujaza wimbo ule: inanga ya nyuzi, sauti ya besi, kayamba, vyote kwa mikono na koo lake mwenyewe, ili mkewe akirudi akute kwaya nzima. Akaenda Kayanga kwa Seif, fundi redio, kuazima redio ya pili na kaseti tupu.

"Ni kazi rahisi," Seif alimwambia. "Hii inaimba, wewe unapiga inanga, ile ya pili inanasa vyote viwili. Lakini kaseti ya kwanza usiiguse, ndugu yangu. Kila ukinakili, sauti inachakaa."

Theoneste alifanya hivyo siku ya kwanza, na inanga ikakaa vizuri. Siku ya pili alitaka kuongeza besi, na kaseti tupu nyingine hakuwa nayo. Akafikiri: sauti ya mke wangu, mama Laurensia, si imeshahamia huku? Akanasa juu ya kaseti ile ya kwanza. Siku ya tatu akairudia kazi kwa kayamba, akivuka tena kutoka redio hii kwenda ile. Kila aliposikiliza alimsikia mkewe waziwazi. Hakujua kwamba wimbo alikuwa nao kichwani, na masikio yake ndiyo yaliyokuwa yakimjazia.

Speciose alirudi baada ya mwezi. Rovu lilikuwa limetoka, na sauti ilikuwa imekwenda nalo. Alisema kwa kunong'ona, kama mtu anayeficha siri. Madaktari walikuwa wamemwambia asitegemee kuimba tena.

Theoneste akawasha redio. Mvumo ulitoka kwanza, kama mvua juu ya bati, kisha kayamba, kisha besi yake mwenyewe, nzito, imetawala nyumba. Speciose aliinamisha kichwa, akasogeza sikio karibu na spika. Wimbo ukaisha.

"Baba Laurensia," alinong'ona, "mimi niko wapi?"

"Upo. Sikiliza hapa." Akarudisha mkanda, akapunguza besi kwa kitufe, akaongeza, akapunguza tena. Sasa na yeye alisikia: mvumo, na ndani yake kitu chembamba ambacho kingeweza kuwa mwanamke, au mkanda kukwaruza.

Asubuhi alizibeba kaseti zote mbili hadi Kayanga. Seif alizisikiliza mara tatu, akachomoa waya mmoja, akachomeka mwingine, kisha akazima.

"Ile ya mwanzo iko wapi?"

"Ndiyo hiyo. Nilinasa juu yake."

Seif hakumlaumu. Alimrudishia kaseti zake. "Ningeweza kukudanganya uziache hapa," alisema. "Kilichofutwa hakirudi."

Theoneste aliporudi nyumbani, Speciose alikuwa amekaa jikoni akimenya ndizi.

"Fundi amesemaje?"

"Amesema nizipeleke Bukoba. Huko wana mashine kubwa."

Speciose hakuuliza siku ya safari. Akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.