Vidole Viwili vya Kalista

Ipyana alikuwa fundi wa kompyuta asiyewahi kukosea, na aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe. Alitoka Mbeya, akaajiriwa na ushirika mmoja wa mahindi pale Chanji, na kompyuta kuu ya ushirika hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuitengeneza.

Msimu huo mashine ilianza kujikokota. Mkulima alipima magunia yake, kisha akasubiri stakabadhi dakika nne, tano, huku upepo wa Julai ukimchapa. Foleni ya matrekta ikafika barabarani. Meneja, Mama Modesta, akauliza tatizo ni nini. Bila kupima chochote, Ipyana akaandika ripoti kwamba tatizo ni karani. Karani huyo, Kalista, Mfipa wa kijiji cha Kaoze, miaka hamsini na mbili, alichapa kwa vidole viwili. Nani angebisha? Vidole vyenyewe vilionekana.

Jumatatu Kalista akatolewa mezani, akapelekwa ghalani kushona magunia. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa, akaambiwa hautaongezwa. Watu wa kwao walimpita pale na mahindi yao. Mmoja akamwambia, "Kumbe ni wewe uliyekuwa unatukalisha kwenye baridi!" Kalista alivuta uzi tu.

Jumanne mezani akakaa Janeth, binti mwenye vidole vyepesi. Stakabadhi ya kwanza, dakika nne. Ya pili, dakika tano. Watu wakasema ni ugeni. Ipyana peke yake akaanza kuitazama mashine.

Saa saba, wenzake walipokwenda kula, akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Akaiagiza mashine ijichunguze, mara mia kwa sekunde iseme inafanya nini. Kila mara kumi, nane ilikutwa ndani ya keneli, kile kiini cha mfumo kinachozigawia programu zote zamu zao. Humo mlikuwa na mkaguzi, programu ndogo ya kusaka hitilafu, akiandika kila kufuli inayofungwa ili programu zisigongane na kila inayofunguliwa, huku kazi nyingine zote zikisubiri amalize. Ipyana alimjua mkaguzi huyo. Alimwasha mwenyewe mwezi Mei alipokuwa akitafuta hitilafu ya mizani ya umeme, akasahau kumzima.

Nyani haoni kundule. Kwenye droo akakuta daftari la Kalista, lile alilowahi kuletewa akalicheka, akasema, "Mama, hiyo siyo sayansi." Sasa akalifungua. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: *Jumanne, 20 Mei. Ipyana ametengeneza mashine. Tangu saa nne inachelewa.* Chini yake zilifuata dakika za stakabadhi, siku kwa siku. Aliona haya hadi masikio yakamwaka. Yule mama alikuwa amepima. Yeye aliyesomea kupima alikuwa amekisia.

Akamzima mkaguzi, akaiwasha mashine upya. Alasiri Janeth akatoa stakabadhi kwa sekunde saba, foleni ikaisha. Mama Modesta akampiga Ipyana begani mbele ya wakulima. "Umeona? Ulisema kweli. Ni vidole vya Kalista!"

Watu wakapiga makofi. Na Ipyana, Mungu amsamehe, akatabasamu. Kule ghalani Kalista aliinua uso kutoka kwenye gunia, akamtazama, akaendelea kushona.

Tabasamu lile lilimkera usiku kucha kama pumba za ulezi kwenye meno. Asubuhi, foleni ikiwa imejaa, akaenda ghalani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Naomba uje mezani."

"Mezani kuna mwenyewe."

"Njoo, mama. Nataka watu waone."

Mbele ya wote akaiwasha mashine pamoja na mkaguzi wake, akamwomba Janeth achape. Binti akachapa kwa vidole vyote kumi. Watu wakaikodolea macho saa ya ukutani. Dakika nne na nusu.

"Hii ndiyo mashine niliyowapa tangu Mei," Ipyana akasema. "Kosa ni langu. Nilimsingizia mama huyu."

"Umejua lini?" Mama Modesta akauliza.

"Jana saa saba."

"Na makofi ukayapokea."

"Nikayapokea, bosi."

Yule mkulima wa Kaoze aliyemlaumu Kalista ghalani akavua kofia, akatazama chini. Ipyana akachuchumaa mbele ya Kalista, daftari mkononi. "Nisamehe, mama."

"Nimekusikia," Kalista akasema. "Mzime huyo mkaguzi wako. Watu wanapigwa na baridi."

"Na wewe urudi kwenye kiti chako," Mama Modesta akamwambia. "Mkataba njoo usaini leo leo."

Ipyana akamzima mkaguzi, Kalista akakaa. Akachapa kwa vidole vyake viwili, stakabadhi ikatoka, mtu wa Kaoze akaipokea kwa mikono miwili. Kisha Kalista akamsukumia Ipyana daftari na kalamu.

"Andika wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyesomea."

Ipyana akaandika: sekunde kumi na moja. Vidole vile viwili alivyotaka kuviachisha kazi vilichelewesha watu kwa sekunde nne tu kuliko vya Janeth.