Kipande cha Bomba Kilichogoma Kuganda

Nimestaafu na naweza kutia chumvi nipendavyo. Basi nikikuambia kwamba kule juu milimani Lípez, ambako Agosti ni baridi kali, niliwahi kutema mate yakaanguka yakigongana kama shanga, amini nusu. Haya mengine yaamini yote.

Nilikuwa peke yangu kituo cha tatu cha pampu. Bomba lilileta uji wa mawe yaliyosagwa kutoka kambi ya mgodi, likapita kwangu, likashuka bwawani. Uji ukitembea hauna shida. Ukisimama, baridi inauingia, na bomba likiganda Agosti linayeyuka Oktoba. Kambi inafungwa, watu wanateremka makwao, na Primitiva wa redioni anateremka nao. Mimi nilikuwa sina sauti nyingine duniani.

Injinia alikuwa na jedwali lake: pampu ikisimama, una saa tano kabla uji haujaganda. Mimi nilikuwa na kipande cha bomba lile lile, urefu wa mkono, nimekijaza uji ule ule, nimekiweka nje penye upepo. Nilikuwa nachovya kijiti. Ganda la barafu likifika unene wa kidole, ni wakati wa kufungua vali na kumwaga. Miaka tisa hakikunidanganya.

Saa saba mchana umeme ukakatika.

"Don Celedonio, tumwage?" Primitiva akauliza. "Tukimwaga ni wiki nzima ya kuzoa tope. Mafundi wanasema umeme utarudi jioni."

Nikachovya. Laini. "Bado, dada."

Saa kumi na moja akaita tena. "Injinia anasema saa tano zinakaribia."

"Mwambie jedwali halina pua ya kuhisi baridi."

"Mzee una maringo wewe! Haya, tunakusikiliza wewe."

Saa kumi na mbili, kijiti bado kinazama kama kwenye supu. Nikalipiga spana bomba kubwa, kwa mazoea tu. Likajibu kama mwamba: limeganda.

Nikalamba kile kijiti. Pombe.

Ilikuwa tarehe mosi Agosti, siku ya kuilisha ardhi kwa kuimwagia kinywaji. Asubuhi nilimwaga kopo la pombe mlangoni, nikanywa la kwangu, kisha nikaona aibu kunywa mbele ya mwenzangu asiye na kitu. Nikakipa kipande kopo lake. Halafu la pili, na pombe haigandi kama uji.

Nikabonyeza redio, nikamweleza.

"Umekunywa na bomba?"

"Leo ni tarehe mosi, dada. Kunywa peke yako ni mkosi."



"Si ungeniita," akasema. "Na mimi nilikuwa na kikombe changu hapa, nangoja wa kugonga naye."

Alhamisi malori yaliwateremsha wote, Primitiva akiwemo. Mimi nikaachwa mlinzi.

Kile kipande hakikuganda kwa siku kumi na moja. Nilikuwa nakiambia habari zote, na kila asubuhi nilikichovya kijiti, nikiomba kiwe laini.