Viazi vya Immaculée

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Wateja wa saluni yangu, Saluni ya Lyse, pale Umbilo Road wanajua: ukitikisa kichwa nikiwa ninakusuka, nakugonga begani na kitana, tunaendelea. Ndivyo nilivyompoteza dada yangu Immaculée pia, kwa mdomo wangu, kwenye simu.

Yeye alipelekwa Uswidi na wale wa shirika la wakimbizi, binti yake Laetitia akiwa na miaka mitatu. Mimi nikashuka huku Durban. Ilipopita miaka kumi na moja, siku moja akanisimulia kwa furaha kwamba amejifunza kupika chakula cha huko, kroppkakor, madonge ya viazi, ndani yake nyama ya nguruwe. Nguruwe! Sisi watoto wa Kisabato wa Uvira, kule Kongo, ambao mama yetu alisugua kwa majivu hata sahani iliyotoka kwa jirani mla nguruwe. Nikamwambia, "Umeuza dini yako kwa sahani ya viazi." Akakata simu. Nikasema atapiga mwenyewe. Yeye ni mkubwa, mimi mdogo, lakini kiburi hakina umri. Ikapita miaka mitatu, na mwezi wa pili mwaka huu akafa tukiwa hatujasemezana.

Mwezi wa saba Laetitia akaja kunitembelea, sasa ana miaka kumi na saba, mrefu, mnyamavu, anaongea Kiswahili taratibu kama mtu anayechambua mchele. Mimi nilikuwa na swali moja tu tumboni: dada alikufa akiwa bado amenikasirikia? Lakini swali kama hilo unamuulizaje mtoto aliyefiwa? Siku nne nikazunguka mbuyu. Kule kanisa letu iko? Watu wanasalimiana kwenye ngazi? Jua linatoka saa ngapi? Ananijibu ndiyo, hapana, basi. Eish, nikachoka. Jumapili nikamwambia anionyeshe vile viazi. Nilitaka kukiona kwa macho yangu hicho chakula kilichonigombanisha na damu yangu.

Akavichemsha na maganda, akavimenya vikiwa moto, huku anapuliza vidole. Akasema sasa vipondwe. Kuponda? Hiyo kazi si ya kunifundisha. Nikavuta kinu changu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, kutoka chini ya meza, nikamwaga viazi, nikatwanga kama ninapikia harusi. Jirani wa chini akagonga dari yake kwa mti wa ufagio. Nikamjibu kwa mchi. Kuchungulia ndani, viazi vimekuwa gundi. Vinavutika, vimeng'ang'ania mchi, havitaki kuachia. Nikaanza kuvilaumu viazi vya nchi hii.

Laetitia akacheka. Tangu afike sikuwa nimekisikia kicheko chake, kumbe ni cha mama yake kabisa, kinaanzia puani. Akanieleza kwamba hata mama yake, mara ya kwanza, alivitwanga kwenye kinu, na wakala gundi siku tatu kwa sababu alikataa kukitupa chakula. Sikujua hata kama dada alikuwa na kinu kule. Nikauliza alikipata wapi, majirani walisema nini, jikoni kwake kulikuwa na dirisha upande gani. Mtoto akafunguka, na mimi nikasahau kukasirika.

Tukaanza upya. Safari hii tukaviponda kwa uma, tukaviacha vipoe, tukatia chumvi, kiini cha yai na unga kidogo. Laetitia akachukua donge, akalibonyeza kwa kidole gumba katikati, likapata shimo. Nguruwe haingii kwangu, na yeye anajua, kwa hiyo nilikuwa nimekaanga uyoga na kitunguu. Akauangalia ule uyoga, halafu akauliza kama ndagala iko.

Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, siwakosi ndani ya kopo. Lakini wanahusiana nini na chakula cha Waswidi? Nikamuuliza.

"Moja lazima liwe la ndagala," akasema. "Mama alikuwa anatengeneza kumi na moja ya nyama, moja la ndagala. Hilo analiwekea alama juu kwa kidole. Alisema ni la Lyse, yeye hali nguruwe, siku akija asikose."

Nikakaa kwenye kiti. Nikauliza nani alikuwa analila. Akasema hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Jumatatu mama yake alikuwa analipasha moto na kulila mwenyewe, amesimama.

"Mpaka lini?"

"Mpaka alipolazwa. Kila Jumapili, Mama Mdogo."

Kila Jumapili! Na mimi miaka mitatu naiangalia simu, nasema mkosaji ni yeye, apige yeye. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nikainuka, nikausukuma uyoga pembeni, nikakaanga ndagala wote waliokuwa kwenye kopo, na tukayajaza madonge yote kumi na mawili. Mtoto alipofika la mwisho akainua kidole gumba aliwekee alama, kwa mazoea tu. Nikamshika mkono.

"Usiweke," nikamwambia. "Lyse amefika."

Akalitumbukiza kwenye maji yanayochemka pamoja na mengine. Yalipoelea tukayala kwa mkono, na siagi, yangali yanaunguza, na nililia mbele yake bila kujificha.